Muulize Fundi: Kamera kwenye kiota, na shomoro kashaanza kubeba nyasi

SWALI: Habari fundi. Mi nilitengeneza kisanduku cha mbao nikakitundika ukutani, msimu uliopita shomoro wakaingia wakazaa humo, nikawa nasikia tu makinda wanalia bila kuona kitu. Safari hii nimepata kamera ya ulinzi ya waifai iliyokuwa imekaa tu, nikaifunga kwenye dari ya kisanduku nikaizungushia nailoni isiloane. Mchana picha haieleweki, ina ukungu, na usiku ndo mbaya kabisa, nyeupe tupu kama maziwa. Nikaishusha. Sasa leo asubuhi nimeona dume kaingia na unyasi mdomoni, je niwahi kuirudisha leo leo kabla hawajataga? Nataka nirushe laivu ndugu zangu wote waone.

JIBU: Hapana ndugu yangu, usiirudishe leo. Akishaanza kubeba nyasi hicho kisanduku ni chake, ukipanda na ngazi na bisibisi atakaa pembeni anakuangalia, kesho unakuta kahamia kwingine. Na wakishataga ndo usiguse kabisa, nchi nyingi zina sheria za kukataza kusumbua kiota chenye mayai au makinda, na hata pale ambapo sheria haipo mama anaweza kuyasusa mayai yakapoa. Iliwahi kunitokea mimi, nilifungua kifuniko mara moja tu kusogeza waya uliokuwa unaziba picha, mayai manne, yule mama hakurudi na mpaka leo inaniuma.

Ila shomoro hazai mara moja kwa msimu. Mayai wanayalalia siku 10 mpaka 14 hivi, makinda wanakaa ndani kama wiki mbili, wakiruka wazazi mara nyingi wanaanza upya mule mule na wala hawachelewi. Kwaiyo una kama mwezi mmoja wa kuandaa kila kitu mezani, na siku makinda wametoka, ukishahakikisha hamna yai wala kinda aliyebaki, ndo unapanda na kufunga kwa dakika chache. Mi ningekushauri zaidi uchonge kisanduku cha pili kabisa, kirefu kuliko hicho, kamera ikae humo tangu mwanzo wakute ni sehemu ya nyumba. Kirefu kwa sababu shomoro wanajaza sana, wanarundika nyasi na manyoya karibu na dari, saa nyingine wanaiezeka kwa juu kabisa, kamera ya darini ikaishia kuona paa la nyasi tu. Iweke kwenye kona ya juu ikiangalia chini kwa mshazari.

Sasa hiyo picha yako. Ukungu wa mchana nadhani ni fokasi, kamera za ulinzi zimesetiwa kuona kitu kilicho mbali mita kadhaa huko, we unaiambia ione kilicho sentimita 15. Fungua sehemu ya mbele uangalie lenzi, nyingi zinazunguka ila zimezuiwa na tone la gundi, likwangue taratibu kwa ncha ya kisu kisha izungushe lenzi kidogo kidogo kama unaifungua, ikitoka nje kidogo ndo inaona karibu. Chukua kipande cha gazeti kiweke mezani umbali ule ule utakaokuwa kwenye kisanduku, zungusha huku unaangalia simu mpaka zile herufi ndogo kabisa zisomeke. Wengi wanapima kwa sakafu ya kisanduku, halafu kiota kikijengwa kinapanda juu kama sentimita 5 au zaidi na picha inapotea, wewe pima pale kichwa cha ndege kitakapokuwa. Alafu zima taa za chumbani upime tena, maana mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa macho ambao kamera inautumia gizani, unahamisha fokasi kidogo, tafuta pa katikati panapofaa mchana na usiku. Kama lenzi haizunguki kabisa basi hiyo kamera haitufai kwa kazi hii, ile Raspberry Pi Camera Module 3, kamera ndogo ya kuchomeka kwenye kikompyuta cha Raspberry Pi, inajifokasi yenyewe kuanzia sentimita 10, na ipo aina ya NoIR inayoona usiku ukiiwekea taa zake.

Weupe wa usiku ni ile nailoni. Taa za infraredi za kamera zinapiga kwenye nailoni zinarudi moja kwa moja kwenye lenzi. Itoe, kamera isiloane kwa sababu paa ni zuri, si kwa kuvalishwa mfuko. Na bila nailoni bado ndege akikaa karibu na zile taa atang'aa kama karatasi, ziba taa baadhi kwa utepe, zingine ziwekee kipande cha karatasi nyeupe mwanga utawanyike. Ndege haoni infraredi kwaiyo analala vizuri tu. Taa za infraredi za nanomita 850 (urefu wa wimbi la mwanga, huandikwa kwenye taa) zinaonekana zina wekundu kwa mbali, za 940 hazionekani kabisa ila mwanga wake ni hafifu zaidi.

Waya utoe juu pembeni, na nje uache ushuke chini kidogo kabla haujapanda kwenda nyumbani, mvua idondokee pale kwenye kona ya chini badala ya kufuata waya hadi ndani. Ndani usiache waya unaning'inia hata kidogo, kinda akinasa mguu ndo basi. Toboa na matundu madogo ya hewa juu na ya kutolea maji chini maana kamera yenyewe inatoa joto. Na buibui, hao wanapenda kujenga mbele ya lenzi, futa kwa brashi laini kabla msimu haujaanza.

SWALI: Kurusha laivu masaa 24 kunakula data kiasi gani? Na mtu hawezi kuingilia hiyo kamera akaanza kutuangalia nyumbani?

JIBU: Dada yangu, inakula. Picha ya 1080p kwa megabiti 4 kwa sekunde ni GB 1.8 kila saa, yaani GB 43 kwa siku nzima. Ila kwenye kiota kitu hakitembei sana, 720p kwa megabiti 1.5 inatosha kabisa na hiyo ni GB 16 kwa siku. Angalia kasi ya kupandisha ya intaneti yako, si ile ya kushusha wanayotangaza, na uwe nayo angalau mara mbili ya unachorusha. Ukirusha alfajiri mpaka jioni tu unaokoa nusu, na YouTube inahifadhi laivu isiyozidi masaa 12 kwaiyo inakaa vizuri. Akaunti mpya iwashe laivu mapema, mara ya kwanza inaweza kuchukua mpaka masaa 24 kukubaliwa.

Kuingiliwa, ndiyo inawezekana, tena kirahisi kama umeacha pasiwedi iliyokuja na kamera. Badilisha siku hiyo hiyo. Usifungue mlango (port) kwenye rauta ili watu waifikie kamera moja kwa moja, chukua picha kwenye kompyuta yako ya nyumbani kwa RTSP, yaani njia ya kamera kutuma video kwenye mtandao wa nyumbani, iingize OBS, programu ya kompyuta ya kurushia laivu, kisha OBS ndo iirushe YouTube, watazamaji hawaigusi kamera kabisa. Kabla ya kununua ulizia kama kamera ina RTSP, nyingi za bei rahisi zimefungwa kwenye programu yake tu. Na maiki ikumbuke, mazungumzo yote ya uani yataenda hewani, mkishindwa kujizuia izimeni.

SWALI: Fundi, kwenye kamera yetu makinda walikuwa watano, wana siku 11 sasa. Mmoja mdogo haamki tangu jana, watoto wanalia na watu kwenye chati wananiandikia nikamtoe. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana, hasa kwa watoto. Usifungue. Wakifika siku hizo makinda wakishtuka wanaweza kuruka nje kabla mabawa hayajakomaa, unamtoa mmoja aliyekufa unawapoteza wanne walio hai. Yule mdogo mara nyingi ni aliyeanguliwa wa mwisho, wenzake wanamzidi kimo anakosa chakula. Andika juu ya laivu kwa maneno machache kwamba kinda mmoja amekufa na kisanduku hakitafunguliwa, na mtafute mtu mmoja wa kuwajibu watu kwenye chati kwa upole usibaki peke yako nao. Watoto wakitaka kuangalia waangalie nawe ukiwa pembeni, usubirie mama akishalisha asiondoke, atainama pale kwa kinda, kinda atageuza matako juu na kutoa kifuko cheupe cha kinyesi, mama anakidaka kwa mdomo anatoka nacho nje.