Diski ya RAM kwenye FreeBSD: umefuta mafaili lakini bado inasema imejaa

Mkuu, umesema kwenye FreeBSD (mfumo endeshi wa jamii ya Unix) /tmp umeiweka kwenye diski ya RAM ya 64 MB kwa mdmfs, amri inayotengeneza diski ya RAM (kifaa cha md), kuiwekea mfumo wa faili na kuipachika. Ukifuta mafaili na kuandika mengine papo hapo unaambiwa imejaa, na ukiishusha kwa umount, RAM hairudi. Hayo ni mambo mawili tofauti.

La kwanza linatokana na soft updates, ambazo mdmfs huziwasha yenyewe. Hizo huchelewesha uandishi wa taarifa za ndani za mfumo wa faili (metadata), hivyo nafasi ya faili ulilofuta nayo huchelewa kuachiwa. Kwenye diski kubwa huoni tofauti, ila kwenye 64 MB inakubana. Tena UFS (mfumo wa faili wa FreeBSD unaowekwa humo) hutenga asilimia 8 kwa ajili ya root (msimamizi mkuu), yaani karibu MB 5 zako hizo. Tengeneza upya hivi:

mdmfs -S -m 0 -p 1777 -s 64m md /tmp

-S inazima soft updates, -m 0 inaondoa akiba ya root. Hiyo -p 1777 (ruhusa ya kila mtu kuandika) usiisahau. /tmp ikibaki na 755 ya root, mtumiaji wa kawaida haandiki kitu na mktemp (amri ya kuunda mafaili ya muda) inagoma.

La pili: umount inashusha mfumo wa faili tu. Kifaa chenyewe, tuseme md0, kipo palepale na kimeshika RAM. Kitazame kwa mdconfig -l -v, kisha kiondoe (0 ni namba ya md):

mdconfig -d -u 0

Kama mahali fulani ulitumia mdconfig na -t malloc, achana nayo. Inakula kumbukumbu ya kerneli, na ukijaza diski kubwa ya aina hiyo bila -o reserve, mashine inapaniki. Tumia -t swap. RAM ikibana, kurasa zake huhamia swap (sehemu ya diski inayosaidia RAM). (Maana yake vya siri vya /tmp vinaweza kuishia kwenye diski halisi. Ongeza .eli mwisho wa jina la kifaa cha swap ndani ya /etc/fstab, faili lenye orodha ya vya kupachika, kisimbwe.)

Ila kwa /tmp, mimi nisingehangaika na md kabisa. Tumia tmpfs, mfumo wa faili unaokaa moja kwa moja kwenye RAM. Weka mstari huu kwenye /etc/fstab:

tmpfs /tmp tmpfs rw,mode=1777,size=512m 0 0

Hakuna newfs (amri ya kuunda mfumo wa faili), hakuna UFS katikati, na faili likifutwa RAM inarudi. size uiandike, la sivyo programu moja iliyochizi inaweza kumaliza RAM na swap yote. Safisha /tmp ya zamani kabla ya kupachika, maana mafaili yaliyofunikwa huyaoni tena na bado yanakula diski.

/var/tmp iache ilipo. vi (kihariri cha maandishi) huweka humo nakala za kuokoa kazi yako umeme ukikatika, na ukiihamishia RAM zinapotea zote.

md ibaki kwa kazi inayodai kifaa hasa, mfano kufungua ISO:

mdconfig -a -t vnode -o readonly -f sidii.iso
mount -t cd9660 /dev/md0 /mnt

Amri ya kwanza itakutajia namba ya md uliyopewa. Si lazima iwe 0.