Kabla ya mnada wa korosho, ulizia jina lililo kwenye daftari

Miaka tisa niliokota korosho katika shamba letu huku Newala, kusini mwa Tanzania. Nilipalilia, nilifyeka, nilimtekea maji mpuliza dawa. Ndoa ilipovunjika nikaenda chama cha msingi, ushirika wa wakulima unaouza korosho zetu mnadani, kuulizia malipo. Katibu akafungua daftari, akapitisha kidole, akaniambia kwa upole: "Mama, hapa haupo." Fedha zilikwishaingia kwenye akaunti ya mume. Jina langu halikuwahi kuandikwa, nami sikuwahi kuuliza.

Nikampigia dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, anayeishi Marekani. Nilidhani wanawake wa huko walishamaliza vita hivi. Kweli, nyumba yake ina jina lake. Ila alipojifungua kwa upasuaji alirudi kazini wiki ya sita, kidonda bado kinamuuma, maana sheria ya taifa lao ya mwaka 1993 inatoa likizo ya wiki 12 bila mshahara, tena si kwa wafanyakazi wote. Nilipomwambia sheria yetu ya kazi ya 2004 inampa mzazi siku 84 za malipo, alinyamaza. Lakini mimi mkulima, mwajiri wangu nani? Siku hizo huishia kwa walioajiriwa.

Kwa hiyo dada zangu, ya kwake tumwombee na tumuunge mkono. Letu la kuanza nalo huku ni jina.

Nenda ofisi ya kijiji uulizie hati ya hakimiliki ya kimila, karatasi inayoonyesha shamba la kijijini ni la nani; inaweza kubeba majina yenu wote wawili. Ukiambiwa mila hairuhusu, taja Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 20: mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili. Na mila ipi hiyo? Sisi Wamakonde bibi zetu walirithishana mashamba upande wa mama. Mkishindwana, lipo baraza la ardhi la kijiji, wajumbe saba, wanawake wasiopungua watatu. Mimi niliwaendea hao wanawake kwanza, nyumbani kwao, jioni.

Kisha jiunge na chama kwa jina lako, ufungue akaunti yako. Mjomba alinipa ekari mbili zenye mikorosho mikuukuu. Msimu uliofuata nilipeleka magunia manne ghalani, na stakabadhi iliandikwa jina langu. Niliisoma mara tatu pale pale kwenye mizani.

Minada huanza Oktoba. Nenda sasa, ukiwa na kitambulisho chako.