Tulijuaje kilichotokea ndani ya ile Dakota?
Ndugu, umeuliza nani alisimulia habari za Dakota, ndege ya mizigo ya rubani wa Uingereza David Lord, pale Arnhem, Uholanzi, ikiwa ndege iliwaka na kuanguka. Si wote waliokufa. Walikuwa wanane, akapona mmoja: Harry King, aliyekuwa akielekeza njia.

Ilikuwa 19 Septemba 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili, wanawapelekea shehena askari wa miavuli wa Uingereza waliozingirwa na Wajerumani. Injini ya kulia ikashika moto. Lord hakugeuza. Akadondosha mizigo, kisha alipoambiwa imebaki kidogo, akazunguka tena, moto unatafuna bawa! Ndipo akaamuru watu waruke. King alikuwa akiwasaidia wenzake kuvaa miavuli, bawa likakatika, naye akarushwa nje.

Wajerumani wakamteka. Kwa hiyo kisa chote kikafungwa naye kambini hadi alipoachiliwa mwaka 1945, na Novemba mwaka huohuo Lord, marehemu tayari, akatunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Kinachouma zaidi, mahali pa kudondoshea palikuwa tayari mikononi mwa Wajerumani, na marubani hawakujua.