Uliza Sista: Wanasema ukoo wa mchumba wangu una kifafa, niachane nae?

SWALI: Shikamoo sista. Mimi ni binti wa miaka 26 naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Nina mchumba kwao ni Mpwapwa, mshenga kashakuja mara mbili na mahari tulikua tumeshaanza kuongelea. Sasa shangazi yangu kaenda kuulizia huko kwao akaambiwa ule ukoo una kifafa, dada yake mchumba wangu anaanguka tangu mdogo na mjomba wake mmoja nae anaanguka. Nyumbani wamegeuka wote, baba anasema hataki wajukuu wa kuokotwa motoni. Mchumba wangu mwenyewe hajawahi kuanguka hata siku moja. Nilimuuliza wifi akaniambia aliumwa malaria akiwa na miaka mitatu akapoteza fahamu siku mbili, mwaka uliofuata ndo akaanza kuanguka, na mjomba yeye ni baada ya ajali ya pikipiki. Nampenda huyu kaka ila naogopa kwa ajili ya watoto. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Wazee wako siwasemi vibaya, kuulizia ukoo kabla ya posa ni jambo la siku nyingi, walikua wanauliza kifafa, wanauliza ukoma, wanauliza wehu, na nia yao ilikua kulinda wajukuu. Ila shangazi kauliza "kifafa kipo?" akajibiwa "kipo" akapanda basi akarudi. Hakuuliza ni kifafa gani na kilianzaje, na hapo ndo jibu lako lote lilipo. Kifafa sio ugonjwa mmoja. Ukisema mtu ana homa lazima niulize homa ya nini, na kifafa ni hivyo hivyo, kinachofanana ni kuanguka tu lakini vyanzo ni vingi na vingine havina uhusiano wowote na damu ya ukoo.

Mwangalie wifi yako. Malaria ikipanda kichwani mtoto akapoteza fahamu inaweza kuacha kovu kwenye ubongo, na kovu hilo likaja kuleta kifafa miezi au miaka baadae wakati watu wameshasahau kabisa habari ya malaria. Mjomba aliumia kichwa barabarani. Mimi simpimi mtu kwa barua, ila kwa maelezo hayo hawa watu wawili hawajarithishana kitu, kila mmoja ana chake, na huwezi kumrithisha mtoto wako ajali ya pikipiki ya mjomba wa baba yake.

Na hata pale wanapoanguka watu wengi wa nyumba moja bado usikimbilie kusema ni damu. Nenda Mahenge kule Morogoro. Miaka ya 1960 daktari mmoja, Louise Jilek-Aall, alikuta huko familia ambazo watoto kadhaa wa mama mmoja wanaanguka, wengine wanasinzia kwa kutikisa kichwa wakiwa wanakula. Ukiangalia kwa haraka unasema huu ni ukoo wa kifafa, umekwisha. Lakini tafiti za baadae zimekihusisha kifafa kile na ugonjwa wa usubi, unaoletwa na minyoo inayosambazwa na nzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito yenye maji ya kasi. Wale ndugu walikua wanaishi karibu na mto mmoja na wanaumwa na nzi hao hao. Kukaa nyumba moja na kurithi damu moja ni vitu viwili.

Huku kwetu kati kuna lingine nalisema kila nikipata nafasi, mayai ya minyoo tegu ya nguruwe. Watu wanadhani ni kula kitimoto ambacho hakijaiva. Nyama mbichi inakupa mnyoo tumboni, halafu mtu mwenye huo mnyoo anatoa mayai kwenye choo, mikono michafu au mboga isiyooshwa inayapeleka mdomoni kwa mtu mwingine, na hayo mayai ndo yanaishia kuwa vifuko kwenye ubongo na kuleta kifafa. Kwa hiyo hata ambae hajawahi kugusa kitimoto maisha yake yote anaweza kupata, na nyumba yenye choo kimoja kibovu wanaweza kuanguka wawili watatu, majirani wakasema wamerogwa au ndo asili yao.

Sasa kurithi kupo, siwezi kukudanganya. Mwaka 1995 ndo walipata kinasaba cha kwanza cha kifafa, yaani kile kitu kidogo mwilini kinachobeba tunachorithi kwa wazazi, kinaitwa CHRNA4, kwenye ukoo mmoja mkubwa Australia ambao watu wao wanashtuka na kujirusha usiku wakiwa usingizini. Kifafa cha ukoo hasa kinafanana na hicho, bibi, mama na mjukuu wanaanguka kwa namna moja na umri unakaribiana, na mzazi mwenye kinasaba hicho anampa kila mtoto nafasi ya nusu kwa nusu ya kukipokea. Na bado sio wote waliokipokea wanaugua, kama 3 kati ya 10 hivi wanakibeba tu na hawaanguki. Koo za aina hiyo duniani ni chache sana.

Vifafa vingi vyenye asili ya vinasaba havitokani na kinasaba kimoja chenye nguvu, ni vinasaba vingi vidogo vidogo, kila kimoja kinaongeza kidogo, kama mtu anavyopakia mkaa kwenye baiskeli gunia baada ya gunia, baiskeli inasimama inasimama halafu likija la mwisho inapinduka. Wengi wetu tuna gunia moja mawili na hatutajua maisha yetu yote.

Huko Rochester, Marekani, wamefuatilia wakazi wa eneo moja kwa miongo mingi. Mtu wa kawaida, nafasi ya kupata kifafa mpaka afike miaka 40 ni kama 1 kati ya 100. Mwenye mzazi, ndugu au mtoto mwenye kifafa inakua kama 4 au 5 kati ya 100. Maana yake hata baba mwenyewe angekua anaanguka, watoto 95 kati ya 100 wasingeanguka. Na wewe mchumba wako ni mzima, anaeanguka ni dada yake, kwa hiyo kwa watoto wako huyo ni shangazi tu, nafasi inashuka inakaribia ile ya mtu yeyote unaekutana nae pale Majengo sokoni.

Kwa hiyo rudini kwa wazee na mkae chini vizuri, koo zote mbili, ya kwenu pia maana hakuna alieiuliza. Kila anaeanguka muulize alianza na umri gani, kabla ya hapo aliumwa nini au aliumia wapi, akianguka anakuaje, mwili wote au upande mmoja, usiku au mchana. Ulizeni na kama nyie wawili mna undugu wa damu, sababu vipo vifafa vichache vibaya vinavyotokea pale baba na mama wote wanapobeba kinasaba kile kile bila kujua, na binamu wakioana hatari hiyo inapanda. Andika yote kwenye daftari mwende nalo hospitali ya mkoa mkaongee na daktari, na ukiweza mchukue baba. Baba akisikia kwa daktari sio sawa na kusikia kwako.

Na wifi yako anatumia dawa? Hujasema. Shirika la Afya Duniani linasema mpaka watu 70 kati ya 100 wenye kifafa wanaweza kukaa bila kuanguka kabisa wakipata dawa sahihi. Hospitali nyingi dawa hizo zinatolewa kliniki ya afya ya akili na watu wanaona aibu kuonekana kwenye ile foleni, wanakaa ndani, wanaungua motoni. Mpeleke wewe, hata kabla ya harusi.

SWALI: Sista mimi ni mama wa Kondoa. Mwanangu wa kwanza alipofika miezi sita alichomwa chanjo, usiku akapata homa akashikwa na degedege karibu nusu saa, upande mmoja tu wa mwili. Sasa ana miaka miwili, kila akipata homa anashikwa, na siku hizi hata bila homa, na maneno aliyokua ameanza kusema yamepungua. Mama mkwe anasema ugonjwa umetoka kwetu ila kwetu hakuna hata mmoja. Chanjo ndo imemharibu?

JIBU: Pole sana mama. Degedege la homa kwa watoto wa miezi sita mpaka miaka mitano ni kitu cha kawaida, linatisha ila kwa wengi linapita dakika chache na mtoto anakua mzima. La mwanao haliko hivyo. Kuanza kabla ya mwaka, kwenda nusu saa, kushika upande mmoja, halafu kuja bila homa na maneno kupungua, hizo ni dalili za kumfanya daktari wa watoto afikirie kifafa kinachoitwa Dravet. Kingi kinatokana na hitilafu kwenye kinasaba SCN1A, jambo lililojulikana mwaka 2001. Na sikiliza hapa kwa ajili ya mama mkwe, hitilafu hiyo mara nyingi ni mpya, imetokea kwa mtoto mwenyewe wakati anatungwa, haikutoka kwako wala kwa mumeo. Ndo maana unaweza kutafuta kwenye ukoo mpaka kwa mababu na usikute mtu.

Chanjo ilileta homa na homa ikaamsha kitu ambacho mtoto alishazaliwa nacho. Watafiti waliwapima watu 14 waliosemekana wameharibiwa ubongo na chanjo ya kifaduro, 11 wakakutwa na hitilafu ya SCN1A. Usiache kumchanja, ongea na daktari jinsi ya kuizuia homa mapema.

Naomba uende hospitali kubwa haraka, Benjamin Mkapa au penginepo penye daktari bingwa wa watoto, ukabebe na dawa anazotumia sasa. Kwenye kifafa hiki carbamazepine na phenytoin zinaweza kuzidisha badala ya kutibu. Ila usizisimamishe mwenyewe nyumbani, kukata dawa ghafla ni hatari kubwa zaidi. Akishikwa mlaze ubavu, usimwekee kijiko wala chochote mdomoni, na ikifika dakika tano hajaacha beba mtoto nenda, usisubiri kupambazuke.

SWALI: Mimi ni msichana wa miaka 19, nasoma UDOM. Asubuhi nikiamka mikono inashtuka yenyewe, chai inamwagika. Wiki ya mitihani nilikesha siku mbili nikaanguka bwenini. Nilipewa carbamazepine na sasa kushtuka kumezidi. Mama mdogo wangu nae aliwahi kuwa hivi.

JIBU: Mdogo wangu, uliwaambia habari ya chai? Wengi hawaisemi, wanasema tu nilianguka. Huko kushtuka kwa asubuhi, umri wako, kukesha na mama mdogo vyote pamoja vinaelekea kifafa cha ujanani ambacho vinasaba vinachangia sana, na carbamazepine inaweza kukizidisha. Rudi ukaelezee upya na uombe kipimo cha EEG, kile cha kupima umeme wa ubongo. Dawa inayokiweza sana ni valproate lakini wewe ni msichana, ukipata mimba ukiwa unaitumia inaweza kumlemaza mtoto na kumpunguzia uwezo wa akili, kwa hiyo muulize daktari kuhusu levetiracetam. Lala usingizi wa kutosha hata mitihani ikikaribia, pombe achana nayo. Na mwambie unaelala nae chumba kimoja akurekodi kwa simu asubuhi moja mikono ikiwa inashtuka, uende nayo kwa daktari.