Fundi mjuaji habishiwi, anapimwa

Mkuu, umeuliza ufanyeje na fundi anayeharibu kazi, na ukimsemesha anakujibu kwamba yeye yuko kwenye ujenzi tangu hujazaliwa. Hasira yako ni ya haki, pesa ni yako na nyumba utaishi wewe. Lakini acha kubishana naye kuhusu nani anajua. Kwenye ubishi huo atakushinda, kwa sababu lugha ya kazi ni yake na vibarua wanaosikiliza ni wake. Mpeleke kwenye kipimo.

Kuna sababu ya maneno kutomwingia. Mwaka 1999 wanasaikolojia Justin Kruger na David Dunning wa Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha utafiti kuhusu jinsi watu wanavyojikadiria. Kundi lililofanya vibaya zaidi kwenye majaribio lilikuwa, kwa wastani, limewapita watu 12 tu kati ya 100, ila wenyewe waliamini wamewapita 62. Maelezo yao ni kwamba ujuzi wa kufanya kazi vizuri ndio huohuo unaokuwezesha kuona umekosea. Kwa hiyo fundi wako huenda hadanganyi, haoni tu. Asiyeona ukimpigia kelele anazidi kukaza shingo.

Chukua zege, maana hapo ndipo ujuaji unapoumiza zaidi. Fundi anaongeza maji ili mchanganyiko uwe mwepesi kwenye koleo na kazi iishe mapema. Likimwagwa linapendeza, linajisawazisha lenyewe. Baadaye maji ambayo saruji haikuyahitaji yanakauka na kuacha vitundu, na vitundu hivyo ndivyo vinavyokula nguvu ya zege. Mfuko wa kilo 50, kwa uwiano wa maji na saruji wa 0.5 (yaani nusu lita ya maji kwa kila kilo ya saruji), unataka lita 25, ukihesabu na unyevu uliomo tayari kwenye mchanga. Akimimina ndoo mbili za lita 20 umeshafika 0.8, na hakuna miaka ya uzoefu inayorudisha nguvu iliyopotea hapo.

Sasa usimwambie "unaweka maji mengi", atakujibu "hili nalijua". Chora mstari wa rangi kwenye ndoo ya maji, mkubaliane ngapi kwa mfuko kabla mfuko wa kwanza haujafunguliwa. Kisha tafuta koni ya kupimia zege: urefu milimita 300, mdomo wa chini 200, wa juu 100. Iweke juu ya bati lisiloyumba, ijaze kwa matabaka matatu, kila tabaka lishindiliwe mara 25 kwa fimbo ya chuma ya milimita 16. Sawazisha juu, inyanyue wima polepole, isimamishe pembeni, upime zege limeshuka kiasi gani. Kiwango kinachoruhusiwa kichukue kwa mhandisi wako, kiandikwe mapema. Hapo zege linakataliwa na rula, wewe umeishika tu.

Kosa kubwa la wateja ni kutaja kipimo baada ya kazi kuharibika. Kipimo kilichokuja baadaye kinaonekana ni kisingizio cha kutolipa, na fundi ana haki ya kukasirika.

Sakafu ya bafu: mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa mita kuelekea kwenye tundu, mwaga maji kabla ya vigae uone yanakotuama. Mabomba: yapimwe kwa geji, presha mara moja na nusu ya ile ya matumizi, mshale usishuke, ndipo plasta ipigwe. Malipo yafuate vipimo hivyo, hatua kwa hatua, siyo siku.

Kauli nayo ina uzito. Usimsahihishe mbele ya vibarua, kamwe. Hapo atatetea heshima yake hata kama ameshaona kosa. Mvute pembeni: "Fundi, naomba tupime pamoja." Au mwombe akueleze hatua kwa hatua atakavyofanya. Anayejua atakutajia vipimo na mpangilio. Asiyejua atakutajia nyumba alizojenga.

Plasta yenye mawimbi unaweza kuivumilia hadi jioni mkaongea. Nguzo, nondo, nyaya za umeme na gesi hazina subira: kipimo kikikataa, simamisha kazi saa hiyohiyo, hata kama vibarua wamekaa bure. Ukiamua kuachana naye, pimeni pamoja kilichofanyika, mlipe kilichopita kipimo. Halafu piga picha za nondo na mabomba yakiwa wazi, rula ikiwa ndani ya picha, kabla fundi mpya hajafunika chochote.