Nyumba ya Kale kwa Kiingereza

SWALI: Nina nyumba ya wageni hapa Mikindani, ya mawe ya matumbawe, yenye mlango wa nakshi niliorithi kwa babu. Katika tangazo la Kiingereza niliiita "outdated", na mgeni mmoja akaniuliza kama ninakaribisha watu au ninawafukuza. Je, niandike neno gani?
Msomaji, Mtwara

JIBU: Mgeni wako alikuwa na haki ya kushangaa, kwa kuwa "outdated" humaanisha kwamba kitu kimepitwa na wakati na kinastahili kubadilishwa, na ndiyo sababu neno hilo hutumika zaidi kwa bei, kanuni, takwimu na mbinu za kazi. Tuseme umetundika ukutani ramani inayoonyesha reli ya kutoka Mtwara hadi Nachingwea, ile iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza na kung'olewa miaka ya 1960. Kwa mtu anayepanga safari leo, ramani hiyo ni "outdated". Kwa mpenzi wa historia ni mali, naye hatakubali uivue ukutani. Neno "obsolete" ni kali zaidi, kwani hutajwa kwa kitu ambacho teknolojia nyingine imekiondoa kazini, kama teleksi, mtambo wa zamani wa kutumiana ujumbe wa maandishi kwa njia ya simu.

Mlango wako ndio unaohitaji uangalifu. "Antique" ni neno la heshima, lakini lina masharti: forodha ya Marekani hulihesabu samani au pambo kuwa "antique" likiwa na umri wa miaka 100 au zaidi, na wauzaji wengi wa vitu vya kale hufuata kipimo hicho. Kama umri wa mlango haujulikani nyumbani kwenu, andika "old carved door" na hakuna atakayekudai ushahidi. "Vintage" lilitokana na mavuno ya zabibu za divai, na huko Uingereza wapenzi wa magari hulitumia kwa gari lililotengenezwa kati ya 1919 na 1930. Wauza nguo, kwa upande wao, wamelilegeza mno, hata gauni la juzijuzi linaitwa hivyo.

"Old-fashioned", yaani wa kizamani, hutegemea linachoambatana nacho: ukarimu wa namna hiyo ni sifa, mawazo ya namna hiyo ni lawama. "Quaint", yaani cha kizamani chenye kupendeza, mwachie mgeni aliseme mwenyewe, maana husifu huku likimtazama mwenye nyumba kwa juu kidogo. "Historic" nalo lafaa zaidi kwa jengo kama Boma la Mikindani, lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, kuliko kwa kila nyumba yenye umri.

Kwa hiyo andika: "An old coral-stone house with a carved Swahili door." Ikiwa mabomba ya bafuni nayo ni ya enzi za babu, hapo "outdated" ni neno sahihi kabisa, ila badala ya kuliandika, mwite fundi.