Mstari mmoja wa bafa ulioninyima mkataba

Juma lililopita kijana mmoja anayesomea kompyuta hapa Arusha aliniandikia: "Shikamoo kaka. Kwenye soketi ya seva niweke bafa ya ukubwa gani ili programu iende kasi?" Soketi ni mlango ambao programu hupitisha data kwenda na kutoka mtandaoni, na bafa ni sehemu ya kumbukumbu inayoshikilia data hiyo kwa muda. Nilicheka, kisha nikanyamaza, kwa sababu miaka minne iliyopita nilijijibia swali hilohilo bila kumuuliza mtu, na jibu langu likaniponza.

Mteja wangu alikuwa kampuni ya utalii iliyotaka picha na video za wageni zitumwe kila jioni kwenye seva iliyoko Frankfurt. Niliandika klayenti (programu ya upande wa mteja, inayotuma) na seva, na kwa kujiona fundi nikaiwekea seva SO_RCVBUF, yaani ukubwa wa bafa ya kupokelea, ya baiti 65,536. Nilifanya majaribio kwa kompyuta mbili zilizokaa juu ya meza moja pale Kaloleni, mafaili yakapita kufumba na kufumbua, nikakabidhi kazi. Kwa mteja, laini ya megabiti 50 kwa sekunde ikawa inatambaa kwenye megabiti 3. Wiki mbili nzima niliilaumu kampuni ya intaneti, tena kwa sauti kubwa.

Kosa lilikuwa langu. Katika TCP, kanuni za kusafirishia data nilizotumia, mtumaji haruhusiwi kuwa na data nyingi njiani kuliko nafasi aliyotangaza mpokeaji. Nafasi hiyo ikijaa, husubiri uthibitisho urudi. Mezani, kwenda na kurudi hakufiki milisekunde moja. Hadi Frankfurt nilipima milisekunde 160, kwa hiyo shehena ya baiti 65,536 ilipita mara sita tu kwa sekunde, yaani takriban megabiti 3.3, hata laini ingekuwa pana namna gani. Ili kuijaza laini ile, zidisha megabiti 50 kwa sekunde 0.16, unapata megabiti 8, sawa na baiti milioni moja: hizo ndizo zilizopaswa kuwa njiani kwa wakati mmoja.

Nikaibadilisha bafa iwe baiti 4,194,304. Nilipoisoma tena kwa getsockopt, amri ya kuuliza mpangilio wa soketi, ikanijibu 425,984! Linux, mfumo endeshi wa seva, ilikuwa imeikata hadi kikomo chake cha bafa ya kupokelea, net.core.rmem_max, ambacho kwenye seva ile kilikuwa 212,992, kisha ikakizidisha mara mbili kwa mahesabu yake ya ndani. Hapo ndipo nilipojua pia kwamba ukiweka thamani kwa mkono, Linux huacha kuirekebisha bafa ya kupokelea yenyewe. Nikaufuta mstari ule. Kasi ikavuka megabiti 40, lakini mteja alikwisha kumpa kazi mtu mwingine, na barua yake ya kusema programu yangu "haijakomaa" ningali nayo.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usiombe namba. Pima muda wa safari kwanza. Ikibidi uweke bafa kwa mkono, fanya hivyo kabla ya listen (amri ya kuanza kusubiri miunganisho) kwenye seva na kabla ya connect (amri ya kuunganisha) kwenye klayenti, kwa maana kiwango cha kupanua dirisha, yaani ile nafasi anayotangaza mpokeaji, hukubaliwa mwanzoni mwa muunganisho. Kisha isome tena, usiiamini. Wala usiikuze kwa majivuno: miunganisho 1,000 yenye bafa ya megabaiti 4 yaweza kudai gigabaiti 4 za kumbukumbu. Pima, narudia, na upime kwa umbali wa mtumiaji. Mimi siku hizi huiwekea kompyuta ya majaribio ucheleweshaji wa milisekunde 160 kwa netem, zana ya Linux ya kuiga mtandao wa mbali, na hakuna programu inayotoka mezani kwangu kabla ya kuupitia.